Dada Abaki na Sampuli: Kisa cha Mkemia Mmoja wa Arusha

Kisa hiki ninakiandika kwa ruhusa ya mwenyewe. Jina lake sitalitaja, wala la taasisi aliyofanyia kazi, maana wanasayansi wa Arusha wanajuana. Ukitaja rangi ya geti tu, watu wameshapajua. Nitamwita Mkemia. Ndicho alichosomea, ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya, na katika miaka minne aliyokaa pale hakuna aliyemwita hivyo. Wenzake wa kiume walikuwa Daktari, Injinia, Mtafiti. Hata kijana aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo aliitwa Mtafiti kabla hajamaliza mwezi. Yeye aliitwa Dada.

Mimi nimefanya kazi za maabara miaka ishirini na sita, sehemu kubwa nikiwa Moshi, na wasichana wa sayansi wa huku wananijua. Alinipigia simu jioni moja.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Mbona sauti imepoa?"

"Ile makala yetu imetoka."

Nikampongeza, nikamwambia hapo ni nyama choma tu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Dada, mimi nimewekwa kwenye shukrani."

Makala ya kisayansi ina majina juu, chini ya kichwa chake. Hao ndio wenye kazi. Mwisho kabisa huwa kuna aya ndogo wanaposhukuriwa wafadhili, wanakijiji na dereva. Majina ya juu ndiyo yanayokupandisha cheo, ndiyo unayoulizwa ukiomba ufadhili wa kusomea uzamivu. Ya kwenye shukrani hayaulizwi na mtu. Juu kulikuwa na majina sita, yote ya wanaume. Mkemia alishukuriwa "kwa msaada wa maabara".

Utafiti wenyewe ulihusu floraidi, na huku kwetu hilo si jambo dogo. Maji mengi yanayouzunguka Mlima Meru yamepita kwenye miamba ya volkano yakabeba madini hayo kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Upande wa Maji ya Chai, Ngurdoto, Kikwe mpaka Ngarenanyuki vipo visima na vijito vinavyozidi kiwango hicho mara kadhaa. Matokeo yake tunayaona kwenye meno ya kahawia ya watoto, na kwa waliokunywa maji hayo miaka mingi, kwenye miguu iliyopinda na migongo isiyokunjuka.

Sasa tazameni kazi ya Mkemia. Sampuli huja kwenye chupa za plastiki, kamwe si za kioo, kwa sababu kioo kikikaa na floraidi kipimo huharibika. Asubuhi, kabla ya jambo lingine lolote, anaiweka sawa elektrodi, kile kijiti cha mashine kinachopima floraidi, kwa myeyusho ambao nguvu yake anaijua, kwanza ule hafifu, kisha ule mkali. Mashine isipokubaliana na namba anazozijua, anaanza upya. Halafu anachanganya maji ya sampuli na bufa, myeyusho wa kutuliza hali ya asidi ya maji, nusu kwa nusu, kwenye bika ya plastiki, anatumbukiza kisumaku kidogo kinachojizungusha chini, anazamisha elektrodi, anasubiri namba itulie. Ufundi uko hapo kwenye kusubiri. Asiye na subira huiandika namba ikiwa bado inatembea, na akifanya hivyo kwa kijiji kizima, kijiji hicho kitaambiwa maji yake ni salama wakati si salama. Kila sampuli yeye aliipima mara tatu. Namba zote za maji zilizomo kwenye majedwali ya makala ile zilipita mkononi mwake.

Basi ilikuwaje akaachwa? Jibu lililonisumbua, na ndilo lililonifanya niandike, ni kwamba hakuna siku aliyoachwa. Hakuna kikao kilichokaa kikasema huyu asiwe mwandishi. Alihurumiwa, safari moja baada ya nyingine, mpaka akawa hayumo.

Ilianza mwezi wake wa pili kazini. Kiongozi wa mradi, mtu mzima, mstaarabu, anayemsalimia hadi mlinzi kwa jina, alisema kwenye kikao: "Ngarenanyuki barabara ni mbaya na tutalala hukohuko. Dada abaki na sampuli." Kila mtu mle ndani aliona huo ni wema. Hata yeye. "Nilimshukuru, dada," aliniambia. "Nilimwambia asante Daktari kwa kunijali."

Ninaomba tukae kidogo kwenye hiyo asante. Tumelelewa hivyo: mkubwa akikupunguzia mzigo unashukuru, na kukataa huruma ya mkubwa ni kiburi. Msichana wa mwezi wa pili kazini atasema nini? Akisema "nataka kwenda", ataonekana anatamani posho. Akisema "mbona mimi tu", ataonekana mgomvi. Tusi lingemwachia nafasi ya kulijibu. Wema haujibiwi.

Na safari ile haikuwa safari tu. Njia ya Ngarenanyuki inaanzia Usa River, inaingia Ngurdoto, inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Arusha mpaka Momella. Humo gari haliendi mbio, watu wanaongea. Wanaofanya utafiti wa nje wanajua kwamba mambo makubwa huamuliwa garini: kisima gani kiongezwe, nani aandike sehemu ipi, mkutano ujao nani apelekwe. Wakirudi maabara yameshaamuliwa, na aliyebaki anaona haya hata kuuliza yalianzaje. Posho nayo ina uzito wake. Kwa mshahara wa mkemia anayeanza, posho ya siku nne ni ada ya mtoto. Lakini iliyomuumiza zaidi ni yale mazungumzo ya kati ya Usa River na Momella.

Aliyebaki, kwa kuwa "upo upo hapa", alipewa vingine. Muhtasari wa kikao andika wewe. Wageni wa wizarani wapikie chai, agiza na sambusa. Mchango wa rambirambi kusanya wewe, wanakuheshimu. Hayo yote hayamo kwenye mkataba wake, na hakuna hata moja linalohesabiwa wakati wa kupandishwa cheo.

Mwaka wa pili alijifungua. Alichukua siku zake 84 za uzazi kama sheria inavyosema. Aliporudi alikuta mafunzo ya mashine mpya, wiki tatu Nairobi, yameshapewa yule kijana wa mafunzo ya vitendo. "Tulikufikiria," aliambiwa, "ila tukasema ana kichanga." Hakuulizwa. Mama yake mzazi alikuwa tayari kwenda naye kumshikia mtoto, na hilo lingejulikana kwa swali moja tu. Sheria yetu ya kazi inampa anayenyonyesha mpaka saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto. Yeye alikuwa akichukua moja, na bado ikasemwa kwamba siku hizi Dada anawahi kutoka.

Ninamkumbuka Wangari Maathai wa Kenya, ambaye mwaka 1971 alikuwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu. Miaka hiyo ya 1970, yeye na mwenzake Vertistine Mbaya walipambana na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa sababu mhadhiri mwanamke aliyeolewa hakupewa nyumba na marupurupu kama mwanamume. Hesabu ilikuwa kwamba atayapata kwa mumewe. Sababu imebadilika sura tu. Zamani ilikuwa ana mume, leo ni ana kichanga.

Sasa nifike kwenye sehemu ya kisa hiki ninayoiona nzito kuliko zote, kwa sababu hapa aliyepata hasara si Mkemia peke yake. Mwaka wa tatu mmoja wa watafiti aliugua ghafla, gari likawa na nafasi, akaenda. Kikwe. Timu ilikaa chini ya mti na mwenyekiti wa kitongoji na wazee, dodoso mkononi. Chanzo cha maji ya kunywa? Bomba. Wewe mzee? Bomba. Wewe? Bomba. Mkemia akaona uani kuna moshi, akaomba ruhusa akaenda kusalimia.

Mama mwenye mji alikuwa amebandika makande. Pembeni ya mafiga palikuwa na bonge la magadi, la kijivu, limeshamegwa. Wakaongea. Akaambiwa bomba linatoa maji siku mbili kwa wiki, na siku nyingine wanateka kijitoni kule chini. Mkemia akauliza kama baba anajua. Yule mama akacheka. "Baba anajua bomba kwa sababu alichangia hela ya bomba. Yeye anakuta ndoo imejaa."

Ndani ya robo saa jikoni Mkemia alikuwa ameshapata makosa mawili ya utafiti mzima. La kwanza, chupa zilizoandikwa "maji ya kunywa ya kaya" zilikuwa na maji ambayo kaya hainywi siku tano kati ya saba. La pili, magadi. Magadi yetu ya kulainishia maharage na mahindi yana floraidi yenyewe, na watafiti wa meno waliofanya kazi Arusha na Kilimanjaro wameliandika hilo tangu miaka ya 1990. Dodoso la kurasa nane halikuwa na swali hata moja la jikoni. Lilitungwa na watu ambao hawajawahi kubandika makande, wakaulizwa watu ambao hawajawahi kuteka maji.

Aliporudi aliandika ukurasa mmoja wa mapendekezo, akauwasilisha kwenye kikao. Kimya. Mwenyekiti wa kikao akasema "sawa, tutaangalia", wakaingia kwenye bajeti. Baada ya miezi miwili yule kijana akasema kikaoni, kwenye meza ileile, kwamba labda tuulize na habari ya magadi. "Hilo ni wazo zuri sana," akaambiwa. Magadi yakaingia kwenye utafiti, na leo yana sehemu yake nzima kwenye makala. Kijana ni mwandishi wa nne.

Nilipokuwa shule tulikariri kwamba fuvu la zamadamu Zinjanthropus liligunduliwa Olduvai na Dokta Leakey mwaka 1959. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba tarehe 17 Julai mwaka huo Louis Leakey alikuwa mgonjwa, amelala kambini. Aliyetoka asubuhi ile, aliyeona meno yamechomoza ardhini akarudi haraka kambini kusema, ni Mary, mkewe, na yeye mwenyewe alikuwa mtaalamu wa mambo ya kale. Mwezi uliofuata jarida la Nature lilichapisha taarifa ya fuvu hilo. Jina la mwandishi lilikuwa moja, la Louis. Olduvai iko mkoa huuhuu wa Arusha. Bonde hilo watoto wetu wanapelekwa kulitembelea na mabasi ya shule.

Nilikutana na Mkemia Arusha mjini, kwenye mgahawa karibu na Mnara wa Saa. Alikuwa amekuja na azma ya kuacha kazi. Lazima nikiri jambo hapa. Miaka ya nyuma msichana mwingine aliwahi kuniletea kilio kama hiki, nikamwambia avumilie, kazi ndivyo zilivyo. Aliacha sayansi, na ninalibeba hilo. Safari hii sikumwambia avumilie. Nilimwambia ahesabu.

Nilimsimulia habari ya Nancy Hopkins, mwanabiolojia wa Chuo cha MIT kule Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuwa amechoka kunyimwa nafasi ya kuweka matangi ya samaki wake wa utafiti. Akachukua futi ya kupimia, akapima maabara za wenzake, moja baada ya moja, akathibitisha kwamba wanawake wamepewa nafasi ndogo. Kitivo chao cha sayansi mwaka 1994 kilikuwa na wanawake 15 wenye ajira ya kudumu, wanaume 194. Mwaka 1999 chuo chenyewe kilikiri hadharani kwamba wanawake walikuwa wakipunjwa. Malalamiko yalikuwepo miaka yote. Kilichokuwa hakijawahi kuwekwa mezani ni vipimo.

"Sasa mimi nipime nini?" akauliza.

"Gari lenu lina kitabu?"

Kitabu cha gari hakina huruma wala kinyongo. Kinaandika tarehe, kilomita, wanakokwenda, majina ya abiria, saini. Alimwendea dereva, mzee anayekaribia kustaafu, akamweleza anachotaka. Mzee hakuuliza mengi. Akakifungua juu ya boneti, akasema, "Hesabu mwenyewe, mwanangu." Safari za mradi zilikuwa 23. Jina lake lilikuwemo mara mbili. Kisha akachukua daftari la kupokelea sampuli maabara, ambalo kila ukurasa una saini ya aliyepima. Akaviweka vitabu viwili pamoja, akapiga picha.

Kikao na kiongozi wa mradi kilikuwa kigumu, na sidhani kama kuna mtu mbaya ndani yake. Mzee yule aliumia kweli. Alisema ana mabinti watatu, mmoja anasomea udaktari, anawezaje kubagua wanawake? Ninamwamini. Hakuwahi kumtakia mabaya. Mama wa utawala, aliyeitwa kama shahidi wa haki, alisema hata yeye asingependa kulala Ngarenanyuki, hivyo aliona Dada anatendewa vizuri.

Hapo ndipo watu wengi hukosea, wakidhani mwanamke akiwepo mezani basi ubaguzi hauwezekani. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliwapelekea wahadhiri 127 wa sayansi maombi ya kazi ya msimamizi wa maabara. Yalikuwa maombi yaleyale neno kwa neno, ila nusu yalikuwa na jina John na nusu Jennifer. John alionekana ana uwezo zaidi. Alipangiwa mshahara wa wastani wa dola 30,238 kwa mwaka, Jennifer dola 26,508. Na wahadhiri wanawake walifanya vilevile kama wanaume. Tumekula chungu kimoja. Mama wa utawala alikuwa kama mimi nilivyokuwa siku nilipomwambia yule mwingine avumilie.

Nisiache upande wa sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa moja kwa moja na usio wa moja kwa moja katika sera au utaratibu wowote wa kazi, na jinsia, ujauzito na hali ya ndoa vimetajwa waziwazi. Mfanyakazi akionyesha dalili za kutosha, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua. Kitabu cha gari ni dalili nzuri sana. Angeweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Hakwenda. Wanaojua floraidi kaskazini hii wanatosha kwenye meza moja, na barua za mapendekezo anazozihitaji zinaandikwa na haohao. Sikumlazimisha, ila najua ni kesi ngapi zinafia kwenye hesabu ya namna hiyo.

Taasisi ilibadilisha mambo mawili. Safari sasa zina zamu iliyoandikwa na kubandikwa ukutani, na kila mtu anaulizwa mwenyewe kama anakwenda au hapana. Na kule wanakolala, chumba kimoja zaidi cha gesti kinawekwa kwenye bajeti. Kumbe kizuizi cha miaka mitatu kilikuwa bei ya chumba kimoja cha gesti.

Tukizungumzia uhaba wa wanawake kwenye sayansi, maneno huanzia na kuishia Kidato cha Tatu: wasichana wanaogopa fizikia, tuwape moyo, tuwajengee mabweni. Ni kweli, na mabweni yajengwe. Lakini UNESCO inahesabu wanawake kuwa kama theluthi moja tu ya watafiti duniani, na pengo hilo haliwezi lote kuwa la waliokimbia fizikia. Mkemia hakuikimbia. Alifaulu, akasoma, akaajiriwa, elektrodi ilikuwa mkononi mwake. Tungempoteza nje ya geti la kazini, gari likiwa limeshawashwa. Bahati yetu alipata nafasi Moshi, bado anapima maji.

Kuna jambo ambalo ningependa angelifanya tofauti, nimeshamwambia: ule ukurasa wa magadi aliuchapa akaugawa mkononi, bila barua pepe, bila tarehe. Leo hana cha kuonyesha zaidi ya kumbukumbu za waliokuwepo. Andikeni kwa barua pepe, wadogo zangu, hata kama mnakaa meza moja.

Limebaki la jina. Majarida hukubali kuongeza mwandishi aliyesahaulika iwapo waandishi wote wataridhia kwa maandishi. Barua imeandikwa. Yule kijana ndiye aliyesaini wa kwanza; alisema alidhani magadi lilikuwa wazo la timu, na kwamba ameona aibu. Kiongozi wa mradi amesema analifikiria, asingependa taasisi ionekane ilikosea. Barua ina nafasi sita za saini. Hadi ninapoandika hapa, nne zimejazwa.